Ligi inaposimama, shabiki amuunge mkono nani?

Msomaji mmoja ameniandikia hivi: "Nafuatilia michezo ya Marekani na Ulaya tangu utotoni, na sasa nimechoka. Kila baada ya miaka michache ligi inasimama kwa sababu wachezaji wanaolipwa mamilioni wanataka waongezewe. Wanaolipia tiketi na televisheni ni sisi. Je, si mishahara yao ndiyo inayotupandishia bei? Na ugomvi ukianza, mtu wa kawaida amuunge mkono nani: wachezaji au matajiri wa timu?"

Ndugu msomaji,

Uchovu wako una haki yake. Katika ugomvi wa fedha za michezo, shabiki ndiye anayebeba gharama bila kuitwa kwenye kikao hata kimoja. Ila hasira yako, kwa jinsi ulivyoieleza, inamwangukia mtu asiye na uwezo wa kukupunguzia bei hata angetaka. Nitakueleza kwa nini, kisha nitakwambia niko upande gani, maana umeuliza waziwazi na unastahili kujibiwa waziwazi.

Tuangalie kwanza ni nani hasa anayesimamisha ligi. Tangu mgomo wa besiboli wa 1994–95 umalizike, kila mara mzozo wa fedha uliposimamisha mojawapo ya ligi kubwa nne za Amerika Kaskazini, waliofunga milango walikuwa wamiliki. Mpira wa kikapu mwaka 1998 na 2011, hoki ya barafu 2004 na 2012, futiboli ya Kimarekani 2011, besiboli Desemba 2021: kote huko mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya pamoja kati ya wamiliki na chama cha wachezaji, uliisha muda wake, na wamiliki wakawafungia wachezaji nje mpaka wakubaliane masharti mapya. Mara nyingi pia wachezaji hawakuwa wakidai nyongeza. Walikuwa wakipinga kupunguziwa. Katika NBA mwaka 2011, walikuwa wakipata asilimia 57 ya mapato ya mpira wa kikapu. Walipofunguliwa milango Desemba ile, fungu lao lilikuwa limeshuka hadi kwenye nusu kwa nusu, na msimu ukachezwa kwa mechi 66 badala ya 82.

Mfano wa hoki ya barafu ndio unaoniuma zaidi. Desemba 2004, wachezaji wa NHL walijitolea wenyewe wakatwe asilimia 24 ya mishahara iliyokwisha kusainiwa, ili mradi ligi ianze. Wamiliki walikataa, kwa sababu walitaka kikomo cha mishahara, yaani kiwango ambacho timu hairuhusiwi kuvuka inapowalipa wachezaji wake wote. Tarehe 16 Februari 2005 msimu mzima ukafutwa, jambo ambalo halikuwahi kuipata ligi kubwa yoyote ya kulipwa katika bara hilo. Mwishowe wachezaji wakakubali vyote viwili: makato ya asilimia 24 pamoja na kikomo cha dola milioni 39 kwa timu. Hata hivyo, ukikutana leo na watu wanaoukumbuka mwaka ule, wengi watakwambia ni ule mwaka ambao wachezaji waligoma.

Kwa nini lawama humwangukia mchezaji? Nadhani sababu kubwa ni kwamba pesa yake inaonekana. Shohei Ohtani alipokubaliana na Los Angeles Dodgers Desemba 2023, dunia nzima ilijua ni dola milioni 700 kwa miaka 10. Mwaka uliofuata Juan Soto akapewa milioni 765 kwa miaka 15 na New York Mets, nayo ikatangazwa papo hapo. Mchezaji huyo unamtazama kila wiki, na akikosea unaukumbuka mshahara wake. Tajiri wa timu humwoni. Hesabu zake ni za kampuni binafsi na hazitangazwi. Ni timu chache sana, kama Green Bay Packers inayomilikiwa na wanahisa ambao ni mashabiki wake, zinazoweka vitabu hadharani kila mwaka. Na faida kubwa ya mmiliki haiji kila mwezi, huja siku anapouza. Boston Celtics ilinunuliwa mwaka 2002 kwa dola milioni 360. Mwaka 2025 ikauzwa kwa thamani ya dola bilioni 6.1. Hakuna mkataba wa mchezaji yeyote wa ligi hizo unaoikaribia tofauti hiyo, lakini hakuna anayezomewa kwa ajili yake, kwa kuwa haimo kwenye takwimu tunazosoma kila asubuhi.

Sasa tiketi, ambayo ndiyo kiini cha swali lako. Mwenye nyumba hapandishi kodi kwa sababu amemlipa fundi rangi vizuri, wala haishushi kwa sababu fundi amekubali nusu ya malipo. Anaangalia wapangaji wako tayari kutoa kiasi gani. Timu nayo hupanga bei ya kiti kwa namna hiyohiyo: inajua uwanja una nafasi ngapi, watu wangapi wanazitaka, na watakubali kulipa mpaka wapi. Mishahara inakuja nyuma ya mapato, haitangulii. Ligi ikishapata mkataba mnono wa televisheni, ndipo timu zinapata fedha za kushindania wachezaji, na ndipo mishahara inapopanda. Tajiri akikwambia kwamba amepandisha bei kwa sababu ya mishahara, muulize kama angeiacha chini iwapo angejua utalipa hiyo ya juu.

Ushahidi upo, tena wa kutosha. Baada ya 2005, mishahara ya hoki ikiwa imekatwa na kikomo kimewekwa, baadhi ya timu zilishusha bei kidogo ili kuwabembeleza watu warudi. Haikuchukua muda bei zikaanza kupanda tena, ingawa kikomo kilikuwa bado kinatumika. Au tazama futiboli ya vyuo vikuu vya Marekani. Kwa miongo mingi wachezaji wake hawakulipwa mshahara. Walipewa masomo na malazi. Kama mshahara ndio unaopandisha tiketi, mechi zile zingekuwa karibu na bure. Badala yake, viwanja kama cha Michigan, chenye viti zaidi ya 107,000, vilijaa watu waliolipa bei nzito, na fedha ambazo hazikwenda kwa wachezaji zilikwenda kwa makocha waliolipwa mamilioni na kwenye majengo ya fahari. Ni kuanzia Julai 2025 tu ambapo vyuo viliruhusiwa kugawana mapato na wanamichezo moja kwa moja, kwa ukomo wa dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza.

Uingereza nayo ilipitia njia hiyo zamani. Msimu wa 1948–49 watu zaidi ya milioni 41 waliingia kutazama mechi za ligi ya soka, na mchezaji bora kuliko wote nchini hakuruhusiwa kulipwa zaidi ya pauni 12 kwa wiki. Kiwango hicho kilipanda polepole hadi pauni 20, kikafutwa Januari 1961 baada ya chama cha wachezaji, kikiongozwa na Jimmy Hill, kutishia mgomo. Fulham ikampa Johnny Haynes pauni 100 kwa wiki, na wapo walioona ni kufuru. Lakini jiulize: wakati viwanja vile vilipokuwa vikifurika na mchezaji akilipwa kama fundi wa kiwandani, pesa ya mlangoni ilikuwa ya nani? Haikurudishwa kwa aliyesimama kwenye mvua.

Hoja ya "mbona unalipwa vya kutosha" ni ya zamani kuliko sisi sote. Mwaka 1969 Curt Flood wa St. Louis alipouzwa kwenda Philadelphia bila kuulizwa, alikuwa miongoni mwa wachezaji waliolipwa vizuri zaidi katika besiboli. Aliikataa ile kanuni iliyomfunga mchezaji kwa timu moja mpaka timu yenyewe iamue kumwachia, akaenda mahakamani, na mwaka 1972 akashindwa katika Mahakama ya Juu ya Marekani. Aliambiwa hana shukrani, na kazi yake ya uwanjani ikaishia hapo. Mwishoni mwa 1975 msuluhishi akaamua kwamba wachezaji wengine wawili, Andy Messersmith na Dave McNally, wako huru kuchagua timu, na kila mchezaji anayepewa mamilioni leo anakula matunda ya mti ambao Flood hakuuonja. Namtaja kwa sababu alichodai hakikuwa nyongeza. Alidai haki ambayo mwashi au mhasibu anaichukulia kuwa ya kawaida: kuondoka kwa mwajiri mmoja na kwenda kwa mwingine.

Nakubaliana nawe kwa jambo moja, na nalikubali bila kusita. Vyama vya wachezaji huwatetea zaidi wale waliokwisha kufika juu. Vijana wa ligi ndogo za besiboli waliachwa nje ya chama kwa miongo mingi. Waliingizwa mwaka 2022 tu, na kabla ya mkataba wao wa kwanza wa 2023, kijana aliyebakiza hatua moja kufika ligi kuu alikuwa akilipwa takriban dola 17,500 kwa mwaka. Mkataba huo ulipandisha hadi 35,800. Unapowaza "mamilionea wanaogoma", kumbuka kwamba nyuma ya kila Ohtani kuna mamia wasiofika popote, na kwamba hata wanaofika, wengi wao hucheza misimu michache kabla ya goti au bega kuwasaliti. Wako pia wauza vinywaji, wakata tiketi na wasafishaji wa viwanja, ambao ligi ikisimama hawana akiba wala mwanasheria. Ugomvi wa pande hizo mbili haupaswi kuzungumzwa bila wao, na kwa bahati mbaya ndivyo unavyozungumzwa karibu kila mara.

Wamiliki husema pia kwamba kikomo cha mishahara huleta ushindani wa haki. Nitasema kwa ufupi: hoja hiyo ni dhaifu kuliko inavyosikika. Besiboli haina kikomo kigumu, yaani kisichovukwa kabisa, na baada ya Yankees wa 2000 hakuna timu iliyotetea ubingwa mpaka Dodgers walipotwaa wa 2024 na 2025. NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, ina kikomo kigumu, na ndani yake New England Patriots wakachukua mataji sita kati ya msimu wa 2001 na wa 2018. Kinachosaidia timu ndogo ni kugawana mapato ya televisheni kwa usawa, na hilo ni jambo la wamiliki wao kwa wao.

Basi niko upande gani? Kwenye mgawanyo wa fedha, mara nyingi niko upande wa wachezaji. Kinachouzwa ni wao. Tajiri anaweza kuuza timu na mwingine akaichukua bila wewe kubadilisha hata jezi, lakini hakuna anayelipa kumtazama mmiliki akisaini hundi. Na historia imenifanya nisiziamini kirahisi hesabu za upande ule. Kati ya 1985 na 1987 wamiliki wa besiboli walipanga kwa siri kutoshindania wachezaji walio huru, wakabainika, na mwaka 1990 wakakubali kulipa fidia ya dola milioni 280. Miaka minne baadaye walikuja kuwaambia wachezaji hao hao kwamba biashara imekuwa mbaya, kwamba kikomo cha mishahara ndicho dawa, na kwamba wawaamini. Wachezaji walipogoma Agosti 12, 1994, mashabiki wengi waliona tamaa. Mimi naona watu waliokwisha kuumwa na nyoka.

Hata hivyo shabiki aliyekasirika mwaka ule hakukosea kukasirika, na hapa ndipo nataka usome kwa makini, kwa sababu ndipo nguvu yako ilipo. Fainali za World Series zilifutwa kwa mara ya kwanza tangu 1904. Montreal Expos, waliokuwa na rekodi bora kuliko timu zote, ushindi 74 na vipigo 40, walinyimwa nafasi ya maisha yao. Timu ikadhoofika na baada ya msimu wa 2004 ikahamishiwa Washington. Mgomo ulikoma mwanzoni mwa Aprili 1995, siku chache baada ya jaji Sonia Sotomayor kuwazuia wamiliki kulazimisha masharti yao. Michezo iliporudi, watu hawakurudi. Mahudhurio ya kila mechi yalishuka kwa takriban asilimia 20. Katika mechi ya kwanza ya Mets nyumbani, vijana watatu waliovaa fulana zenye neno la kulaani ulafi waliingia uwanjani na kuwarushia wachezaji noti za dola moja.

Pande zote mbili ziliogopa, na naamini woga ule ndio uliolinda besiboli. Agosti 2002, saa chache kabla ya mgomo mwingine kuanza, walikubaliana. Mwaka 2022, baada ya siku 99 za milango kufungwa, walikubaliana tena na timu zikacheza mechi zote 162. Tangu 1995 besiboli haijapoteza hata mechi moja ya msimu kwa mzozo wa mkataba.

Linganisha na hoki. Baada ya kufuta msimu mzima, NHL ilirudi vuli ya 2005 na kupokewa kwa mikono miwili. Mahudhurio yalivunja rekodi. Napenda mapenzi ya watu wale kwa mchezo wao, lakini mmiliki aliyekaa akipiga hesabu aliona jambo moja tu: kufunga milango mwaka mzima hakumgharimu mteja hata mmoja. Mwaka 2012 milango ikafungwa tena, msimu ukakatwa kutoka mechi 82 hadi 48, na fungu la wachezaji likashushwa kutoka asilimia 57 hadi 50.

Unaona basi kwamba maoni ya mashabiki yana uzito pale yanapogusa mapato au heshima ya ligi. Mwaka 2012 NFL iliwafungia nje waamuzi wake na kuweka wengine wasio na uzoefu. Wiki tatu watu walinung'unika bila kusikilizwa. Jumatatu ya Septemba 24, uamuzi wa mwisho kabisa wa mechi ukaipa Seattle ushindi dhidi ya Green Bay mbele ya nchi nzima, kelele zikawa hazibebeki, na kufikia Jumatano usiku makubaliano yalikuwa yamepatikana. Kelele hizo hazikuhusu nani analipwa nini. Zilihusu ubora wa kitu ambacho watu wamelipia, na hapo ligi haikuwa na pa kujificha.

Na usidhani mashabiki kwa asili huchukia mchezaji kulipwa. Julai 2019 mjini Lyon, wanawake wa Marekani waliposhinda Kombe la Dunia, sauti iliyotoka majukwaani ilidai malipo sawa. Wachezaji hao walikuwa wameshalishtaki shirikisho lao Machi ile; mwaka 2022 wakapata suluhu ya dola milioni 24, kisha mkataba unaowapa malipo sawa na wanaume. Julai 2025 nyota wa WNBA, ligi ya mpira wa kikapu ya wanawake, walivaa fulana za kudai walipwe wanachostahili kwenye mechi yao ya nyota huko Indianapolis, na umati ukaungana nao kwa sauti. Watu wakiuona mgawanyo kwa macho yao, huamua vizuri.

Kuhusu bei, mfano wa kuufuata ni wa Liverpool. Februari 2016 klabu ilitangaza tiketi ya pauni 77. Mashabiki hawakusubiri mishahara ishuke. Katika mechi dhidi ya Sunderland, dakika ya 77, maelfu walisimama na kutoka nje. Siku chache baadaye wamiliki waliomba radhi na kuifuta bei ile. Mwezi uliofuata klabu za Ligi Kuu ya Uingereza zikakubali kwamba shabiki anayesafiri na timu yake asitozwe zaidi ya pauni 30. Waliofanikisha hayo walijua bei inapangwa na nani, wakamfuata huyohuyo.

Mkataba wa sasa wa besiboli unafikia ukomo Desemba 1, 2026, na suala la kikomo cha mishahara limeanza kusemwa tena. Milango ikifungwa, tazama kwanza nani ameifunga. Kisha angalia kama upande unaodai hasara umekubali kufungua vitabu vyake. Kama una tiketi za msimu, dai fedha yako irudishwe mara tu mechi ya kwanza inapofutwa, na usikubali ibakizwe kwao kama malipo ya baadaye. Na ikiwa mechi zitapotea kweli, usiwe kwenye foleni siku ya kwanza wanapofungua. Kaa nje mwezi mmoja, wewe na wenzako, na waandikieni mkiwataja wamiliki na chama cha wachezaji kwa pamoja, muwaeleze mnataka nini kwenye bei na kwenye ratiba kabla ya kurudi.